“Kwenu Kuna Mwenye Ugonjwa Huu?”

Kila daktari wa wanawake niliyewahi kukaa mbele yake ameniuliza swali hilo, na kwa muda mrefu nilimjibu hapana. Kwetu hakuna mwanamke, upande wa mama wala wa baba, ambaye cheti chake kiliwahi kuandikwa neno endometriosisi. Daktari anatikisa kichwa, anaandika kitu kwenye faili, tunaendelea. Swali lenyewe ni zuri, tena ni la msingi, na ndiyo maana inaniuma kwamba familia kama yetu haina cha kulijibia.

Bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na chango. Likimshika alijifunga khanga kwa nguvu chini ya kitovu, akalala ubavu mkekani huku amekunja magoti, na watoto walijua siku hiyo chakula kitapikwa na mwingine. Mama mkubwa lilimshika tangu alipovunja ungo. Akazaa mmoja, uzazi ukakoma, watu wakasema amefungwa. Mama mdogo alitolewa kizazi kabla hajafika arobaini, na anachokumbuka kuambiwa ni kwamba “kulikuwa kumeharibika huko ndani”. Shangazi yangu kila mwezi alikuwa na siku ambazo hawezi kusimama, na mume wake wa kwanza aliamini anamkwepa. Wote waliambiwa maneno yale yale ambayo nami niliambiwa: ukizaa litakwisha.

Sisemi kwamba wote walikuwa na endometriosisi. Maumivu ya hedhi yana sababu nyingi, na uvimbe wa fibroidi umejaa kwetu. Ninachosema ni kwamba hakuna daktari aliyewachungulia ndani ya tumbo, kwa hiyo “hapana” yangu kwa daktari haikuwa na uzito wowote. Na kwa jinsi utafiti wa vinasaba unavyokwenda, hasa vile vinavyohusu kinga ya mwili, habari hiyo iliyokosekana ni habari kubwa.

Kwa wasioufahamu ugonjwa huu: tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi zinaota nje ya mfuko. Zinaota juu ya mifuko ya mayai, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, mara chache hata kifuani. Huko ziliko bado zinaitikia homoni za kila mwezi. Zinavimba, zinavuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea, ndipo kunapoanza uvimbe, makovu na maumivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, kama watu milioni 190.

Baada ya upasuaji wangu wa matundu madogo, daktari alinionyesha picha kwenye kompyuta yake. Nilitarajia kitu kimoja kikubwa cha kutisha. Nikaona vidoa. Vingine vyeusi, vingine vyekundu, vingine malengelenge madogo yanayong'aa ambayo asingeyanyooshea kidole nisingeyaona. Mfuko wa yai wa kushoto ulikuwa na uvimbe, na alipoutoboa ilitoka damu ya zamani, nzito, ya kahawia. Madaktari wanauita uvimbe wa chokoleti kwa sababu ya rangi hiyo. Nyuma ya kizazi utumbo ulikuwa umenata, na kati yake na kizazi zimepita nyuzi nyeupe za kovu. Nikafikiria miaka yote niliyoambiwa kwamba altrasaundi haionyeshi kitu.

Maelezo yanayokubalika zaidi ya chanzo cha ugonjwa huu yana karibu miaka mia moja. John Sampson, daktari wa Albany katika jimbo la New York, aliandika mwaka 1927 kwamba wakati wa hedhi sehemu ya damu hurudi nyuma, ikapita kwenye mirija hadi tumboni, imebeba seli hai zinazonasa na kuota. Maelezo hayo hayatoshi. Hayawaelezi, kwa mfano, wale wanaume wachache waliokutwa na endometriosisi baada ya kutibiwa saratani ya tezi dume kwa estrojeni. Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1984, pale watafiti walipowachungulia wanawake wakiwa kwenye hedhi na kukuta damu tumboni kwa 9 kati ya kila 10 ambao mirija yao ilikuwa wazi. Maana yake karibu kila mwanamke damu yake hurudi nyuma. Mbona basi anaugua mmoja kati ya kumi? Wale wengine seli zao zinakwenda wapi?

Kwa wengi, zinasafishwa. Tumboni kuna makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza mabaki na seli zilizokufa. Kuna na seli zinazoitwa NK, ambazo kazi yao ni kuua seli iliyoharibika au isiyostahili kuwa pale ilipo. Mwaka 1991 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba seli za NK za wanawake wenye endometriosisi zilikuwa dhaifu katika kuua seli za utando wa kizazi chao wenyewe. Makrofaji nao kwa wagonjwa hawapungui. Wanakuwa wengi, ila wanafanya kazi tofauti: badala ya kumeza na kuondoka wanabaki hapo wakimwaga kemikali za uvimbe (ule wa mwili kuvimba na kuuma unapojitetea, siyo wa fibroidi), na kemikali hizo zinaita mishipa mipya ya damu na kuivuta mishipa ya fahamu. Yaani kinga inashindwa kusafisha, na wakati huo huo inachochea. Mwanamke ambaye maumivu yake hayalingani na ukubwa wa vidoa vyake ataelewa haraka kwa nini jambo hili ni muhimu.

Lakini hapa pana mtego, na makala nyingi za afya zinapita juu yake bila kuuona. Ukichukua majimaji ya tumboni ya mwanamke aliyeishi na vidonda kwa miaka kumi ukayakuta yamejaa kemikali za uvimbe, umejuaje kwamba kinga ndiyo iliyoanza kukosea? Huenda vidonda ndivyo vilivyoivuruga. Kulijua hilo inabidi upate njia ya kutazama kinga kabla ugonjwa haujaanza.

Njia mojawapo ilipita Nairobi. Nyani wa kike wa aina ya *Papio anubis*, wale wa rangi ya kijani kibichi iliyofifia tunaowaona Kenya na Tanzania, wanapata hedhi, na baadhi yao wanapata endometriosisi bila kuambukizwa wala kupandikizwa chochote. Katika miaka ya 1990 Thomas D'Hooghe, daktari wa Leuven, alifanya utafiti wake kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1995 yeye na wenzake walitoa matokeo ya nyani waliopewa dawa kali za kushusha kinga ya mwili: kwa wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa, vidonda viliongezeka idadi na ukubwa kuliko kwa wale ambao hawakupewa. Hapo kinga ndiyo iliyoguswa kwanza, na ugonjwa ukafuata. Baadaye walijaribu kinyume chake, wakaizuia TNF, mojawapo ya kemikali za uvimbe, na kwa nyani mambo yalionekana kuwa mazuri. Dawa ya namna hiyo ilipopelekwa kwa wanawake wachache wenye maumivu makali huko Ubelgiji, mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba haikuzidi dawa bandia. Habari ya kukatisha tamaa, ila inafaa isemwe, maana kila mwaka anatokea mtu mtandaoni akituuzia kitu cha “kutuliza kinga”.

Hadithi ya Karen inanichoma kwa sababu nyingine. Wakati nyani wa Kenya wanachunguzwa kwa makini kiasi hicho, udaktari ulikuwa bado haujajitoa kwenye dhana kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye kazi na pesa. Dhana hiyo ilijengwa na watu wenye vyeo. Joe Meigs wa Boston, katika miaka ya 1930 na 1940, alisisitiza kwamba ugonjwa huu unatokana na wanawake wenye uwezo kuchelewa kuolewa na kuzaa. Mwanamke mweusi aliyekuja na maumivu ya nyonga akaandikiwa maambukizi, kwa tafsiri iliyoeleweka na kila mtu kuhusu mwenendo wake. Ilibidi Donald Chatman, daktari wa Chicago, awachungulie wanawake hao mwenyewe ndipo aandike, mwaka 1976, kwamba wengi walioitwa wenye maambukizi walikuwa na endometriosisi. Mwaka 2015 madaktari wa Ibadan, Nigeria, waliripoti kuikuta kwa karibu nusu ya wanawake waliowafanyia uchunguzi wa matundu. Hao walikuwa wagonjwa waliokwenda hospitali na malalamiko yao, kwa hiyo usichukue nusu hiyo ukawawekea wanawake wote wa Nigeria. Ila neno “nadra” halina tena pa kusimama.

Njia ya pili ya kukwepa ule mtego ni vinasaba. Vinasaba unazaliwa navyo, miaka mingi kabla ya hedhi ya kwanza, na hakuna kidonda kinachoweza kuvibadilisha kwa kurudi nyuma. Ukikuta tofauti fulani katika kinasaba cha kinga ni ya kawaida zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wasio wagonjwa, tofauti hiyo ilikuwapo kabla.

Kwamba ugonjwa unatembea katika ukoo si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1980 Wamarekani walifanya ulinganisho ambao naupenda kwa urahisi wake: waliwalinganisha mama na dada za wagonjwa na jamaa wa kike wa waume za wagonjwa hao hao. Upande wa damu walikuta karibu wanawake 7 kwa kila 100 wana ugonjwa. Upande wa mawifi na mama wakwe, mmoja. Mwaka 1999 Waaustralia wakatumia mapacha zaidi ya 3,000 wakakadiria kwamba urithi unaeleza kama asilimia 51 ya tofauti iliyopo kati ya wanawake. Waswidi walipata asilimia 47 mwaka 2015. Asilimia hiyo watu wanaisoma vibaya. Haimaanishi mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuugua. Inamaanisha kwamba ukiuliza kwa nini huyu anaugua na yule haugui, nusu ya jibu, ukiangalia kundi zima, iko kwenye vinasaba, na nusu nyingine iko kwingine.

Ugomvi uko kwenye vinasaba vipi. Kwa miaka mingi watafiti walichagua kinasaba kimoja cha kinga walichokishuku, wakapima wagonjwa mia mbili au mia tatu, wakatangaza. Kundi la nchi nyingine likirudia, matokeo yanapotea. TNF, IL-6, IL-10, aina mbalimbali za HLA (alama za juu ya seli zinazoisaidia kinga kutambua kilicho cha mwili na kilicho kigeni), zote zimepita kwenye mzunguko huo. Nimesoma nyingi za tafiti hizo na simwamini mtu anayenukuu moja peke yake. Wala usitoe hela yako kwa anayedai ana kipimo cha vinasaba cha kutabiri endometriosisi, maana kipimo hicho hakipo.

Tafiti kubwa, zile zinazopima mamilioni ya alama kwenye vinasaba vyote bila kuchagua mapema, zilileta nidhamu. Kubwa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikusanya wanawake zaidi ya 60,000 wenye ugonjwa na watu zaidi ya 700,000 wasio nao, ikapata sehemu 42 zinazohusika. Ukweli lazima usemwe: alama zinazojulikana zaidi ziko karibu na vinasaba vya homoni na vya kujenga viungo vya uzazi, kama WNT4, GREB1 na ESR1. Kinga siyo iliyoongoza. Sehemu zote hizo kwa pamoja zinaeleza kama asilimia 5 tu ya tofauti, kwa hiyo safari bado ndefu. Lakini utafiti huo huo ulikuta vinasaba vya endometriosisi vinashirikiana na vya maumivu ya aina nyingine, kipandauso na mgongo vikiwamo, na vya pumu pia.

Na kinga haikukosekana kabisa. IL1A, kinasaba kinachotengeneza mojawapo ya ishara za kwanza za kuwasha uvimbe mwilini, kilianza kushukiwa Japani, kikarudiwa kwa wagonjwa wengine huko huko mwaka 2013, na mwaka 2015 data za Wajapani na za watu wenye asili ya Ulaya zilipounganishwa kikabaki kimesimama. Kuvuka mipaka namna hiyo ndicho kitu ambacho zile tafiti ndogo zilishindwa. Kisha mwaka 2021 kikaja NPSR1. Kinasaba hiki kilikuwa kimeshatajwa kwenye pumu, na kundi lililomshirikisha Krina Zondervan wa Oxford lilikuta tofauti zake adimu kwenye familia zenye endometriosisi kali. Wakakiangalia pia kwa tumbili wa kituo cha utafiti cha Wisconsin, Marekani, ambao nao huugua bila kupandikizwa. Walipozuia protini ya kinasaba hicho kwa panya, uvimbe na maumivu ya tumbo yalipungua. Panya ni panya, na baada ya yaliyotokea kwa TNF siwezi kushangilia mapema, ila hii ni njia ya dawa isiyogusa homoni. Kwa mwanamke anayetafuta mimba, dawa inayotuliza ugonjwa bila kuzima mayai ingekuwa kitu kikubwa sana.

Mwaka 2025 Oxford walitoa kazi nyingine iliyonifanya nimpigie simu mama. Walitumia rekodi za wanawake wa Uingereza, wakiwamo zaidi ya 8,000 wenye endometriosisi, wakakuta uwezekano wa wanawake hao kupata baadhi ya magonjwa ya kinga, yakiwamo baridi yabisi na soriasisi, umezidi wa wengine kwa asilimia 30 hadi 80. Kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, msiingiwe na hofu. Kilichonishika ni kwamba kati ya endometriosisi na baridi yabisi walikuta vinasaba vya pamoja. Mama mkubwa, yule ambaye “alifungwa”, vidole vyake vilipinda kwa baridi yabisi hata akashindwa kukuna nazi. Hakuna daktari aliyewahi kuyaweka magonjwa yake mawili kwenye karatasi moja. Sidai kwamba kisa chake kinathibitisha lolote. Nadai kwamba angestahili kuulizwa.

Rudi sasa kwenye ule utafiti wa sehemu 42, uangalie walikotoka wanawake wake: Ulaya na Asia Mashariki. Kwa vinasaba vingine pengo hilo lingevumilika kidogo. Kwa vinasaba vya kinga halivumiliki, maana hapo ndipo binadamu tunapotofautiana zaidi, na Afrika ina aina nyingi za HLA kuliko mahali pengine popote. Maelfu ya miaka ya malaria na maradhi mengine yamechagua nani aishi na nani asiishi, na chaguo hilo limeandikwa kwenye kinga yetu.

Kuna mfano mmoja ambao nautaja kila ninapopata nafasi. Seli za NK zina vipokezi vinavyoitwa KIR, vinavyozipa ruhusa ya kushambulia au kuzikataza. Mwaka 2015 watafiti wa Poland waliandika kwamba kimojawapo, KIR2DS5, kikikutana na aina fulani ya HLA-C, kinaonekana kumkinga mwanamke na endometriosisi. Mwaka huo huo, bila uhusiano na hao, Annettee Nakimuli wa Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge, walitoa utafiti wa akina mama wa hospitali ya Mulago, Kampala, kuhusu kifafa cha mimba. Walikuta eneo la KIR lililopo kwa Waafrika na lisilopo kwa Wazungu, lenye KIR2DS5 ndani yake, linawakinga wajawazito. Jina la kinasaba ni lile lile, lakini umbo lake na majirani zake ni tofauti. Sasa nani anajua KIR2DS5 ya Kampala au ya Tanga inafanya nini mbele ya endometriosisi? Wataalamu wa kulichunguza tunao, Nakimuli ameshaonyesha kwamba kazi ya kiwango hicho inafanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Inahitajika fedha, na wanawake waliochunguzwa ipasavyo. Utafiti wa vinasaba hauwezi kuanza kwa wagonjwa ambao hawajaitwa wagonjwa.

Kwa hili la kuitwa, namshukuru Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliyeutaja ugonjwa huu hadharani kwa jina lake, na kueleza upasuaji aliopitia, wakati sisi wengine tunanong'ona chumbani. Namkumbuka Njambi Koikai wa Kenya, ambaye endometriosisi yake ilipanda kifuani ikawa inaangusha mapafu yake, aliyezungumza hadi mwisho, akafariki tarehe 3 Juni 2024. Kupitia hao wawili, mama zetu waliusikia ugonjwa kwenye redio na televisheni, na ndipo mazungumzo nyumbani kwetu yalipowezekana.

Niliacha kuwauliza kama walikuwa na endometriosisi. Nilimwuliza mama mdogo: ulikuwa unaikosa shule kwa ajili ya tumbo? Ulikuwa ukitapika? Choo kilikuwa kinauma siku za hedhi? Tendo la ndoa je? Hilo la mwisho nilimwuliza shangazi tukiwa wawili jikoni, naye alinyamaza kidogo kisha akasema, “Mwanangu, mimi nilidhani ndivyo ilivyo kwa wote.” Na upande wa baba unapaswa kuulizwa kama wa mama. Baba hana kizazi, lakini nusu ya vinasaba vyangu vimetoka kwake, na shangazi ni dada yake.

Majibu yote tuliyaandika kwenye karatasi: nani, alianza na umri gani, alizaa wangapi, alifanyiwa upasuaji gani, ana pumu au baridi yabisi. Dada yangu aliibeba kwa daktari mwaka jana, kwa ajili ya binti yake wa miaka 14 aliyekuwa akizimia shuleni. Altrasaundi ikatoka safi. Daktari, kijana mmoja mtulivu, aliisoma karatasi taratibu, akasema altrasaundi safi haiondoi endometriosisi na kwamba hataki kumpasua mtoto ili kuthibitisha. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 nao umeacha kuufanya upasuaji kuwa sharti la kuanza matibabu. Akamwandikia dawa ya maumivu ya kuanza kabla hedhi haijafika, pamoja na vidonge vya homoni. Shangazi alikuja juu: vidonge vya uzazi wa mpango kwa mtoto? Tulikaa naye jioni nzima. Binti sasa anafanya mitihani yake, ingawa miezi mingine bado inamlaza. Upande wa baba yake, huko Singida, hatujaupata bado kwenye karatasi. Shemeji amesema atawapigia dada zake, na maswali nimeshamtumia.